Chungu cha Mlangoni kwa Balozi

Nianze na usinga, maana ndio ulionipiga usoni. Mwenyewe alitangaza kwamba ni mkia wa nyumbu, ila sisi tuliokulia zizini mkia wa ng'ombe tunaujua hata ukipakwa mafuta ya nyonyo. Mpini wake alikuwa ameuzungushia mpira wa baiskeli. Alikuwa pia na kioo cha kunyolea ndevu, chenye ufa, cha kuwaonea wachawi. Alikuwa na pembe iliyozibwa kwa nta na shanga nyekundu, tunguri mbili zenye vizibo vya gunzi, kopo la maziwa ya unga lililojaa majivu, na betri ya tochi iliyokwisha moto, ambayo kazi yake hatukuambiwa. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa maendeleo.

Vifaa vyote hivyo vilikuwa vya mtu wa heri. Alikuwa rambaramba, wale wanaozunguka vijijini kufukua uchawi wa wengine. Mchawi akikutwa na pembe ni mchawi. Rambaramba akija na pembe ni mtaalamu. Mimi shule niliishia darasa la nne, labda tofauti hiyo inafundishwa la tano.

Majina sitayaandika, wana wajukuu ambao hawana kosa. Vyeo ninavitaja. Waliotuharibia ni watatu: huyo rambaramba, balozi wetu wa nyumba kumi, na baba mdogo, mdogo wake baba yangu, tumbo moja. Wa kwanza alikuwa kazini kwake. Hao wawili ndio ninaowaandikia.

Baba alikufa kwa tumbo, njiani, akiwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba kupelekwa hospitali. Matanga yalipokwisha baba mdogo akaja kumrithi mama, kama desturi. Mama akamwambia kwamba anashukuru, ila ana Mungu na ana jembe, hao wawili wanamtosha. Baba mdogo alilipokea jambo hilo kiungwana kabisa. Hakufoka. Alianza tu kuja kila jioni ng'ombe wetu wanaporudi, akasimama penye mlango wa zizi, akawa anawatazama mmoja mmoja kama mtu anayesoma gazeti.

Ndipo ikaja Operesheni. Tuliambiwa tuhamie kijijini, huko upande wa Issuna, tukae pamoja, tulime pamoja, tule pamoja. Mgambo walikuja na lori, wakatuonyesha jinsi ya kupenda kukaa pamoja kwa kung'oa miti ya paa la tembe letu sisi tukiwa bado ndani. Watu walikimbilia vyungu, ngozi, kuku. Mama alichukua jembe akaanza kuchimba kizingiti.

Hapo lazima nieleze. Kwa bibi mzaa mama, mtoto kitovu kikikatika hakitupwi. Kinakaushwa, kinatiwa kwenye chungu kidogo pamoja na udongo wa mlango wa zizi, chungu kinazibwa kwa mavi ya ng'ombe, kinazikwa kizingitini. Mtoto aende atakakokwenda, kitovu kinamvuta arudi. Mama alikuwa Mkristo, alibatizwa, Jumapili hakosi. Lakini Mungu alimwachia mambo ya mbinguni, mambo ya kizingiti alishughulika nayo mwenyewe. Mgambo mmoja akamuuliza ni nini hicho anachofukua. Mama akasema ni watoto. Yule mgambo akadhani mwanamke amechanganyikiwa, akamwacha apande lori.

Kijiji kipya kilikuwa nyumba zilizopangwa mstari kama askari wa gwaride, zote sawa, ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Mama alipewa ya mwanzo wa mstari, karibu na bomba la maji. Siku hiyohiyo, kabla hata ya kuinjika sufuria, alizika chungu chake kizingitini, mchana kweupe, majirani wakipita wanamsalimu. Tukakaa hapo mpaka balozi alipogundua kwamba maji ya wananchi yanahitaji ulinzi, na kwamba kiongozi akilala mbali na bomba ulinzi unalegea. Tukahamishwa kwenda mwisho wa mstari, penye korongo. Balozi akaingia kwetu.

Chungu kikabaki. Mke wa balozi alikuwa ameshasiriba sakafu upya na kupiga udongo mlangoni. Mama alilala na kuamka akifikiria namna ya kukitoa, na kila njia ilikuwa mbaya, maana mtu anayekutwa anachimba mlangoni kwa mwenzake kwetu ana jina moja tu, na si jina la kubatizwa. Kumwomba balozi nako kulikuwa kumkumbusha kwamba nyumba haikuwa yake. Mama akanyamaza. Akawa anapita pale kuchota maji, anakanyaga taratibu.

Halafu ikaja ile njaa ya unga wa njano, na magonjwa. Watu wengi mahali pamoja, choo hapa, maji pale, watoto wakaanza kuharisha na kufa. Bwana afya akasema tuchemshe maji. Ushauri huo haukumfurahisha mtu, kwa sababu haumtaji jirani. Mke wa balozi naye mimba zilimtoka. Balozi akaitisha mkutano, akatukumbusha kwamba Chama hakitambui uchawi, kisha akatuma watu wakamlete rambaramba.

Aliwekwa kwenye uwanja wa ghala. Mwalimu wa dini alisema kwamba yeye hashiriki mambo hayo, amekuja kuangalia tu; akakaa mstari wa mbele. Asubuhi yote rambaramba alizunguka na kioo chake nyumba kwa nyumba, akachimba, akatoa pembe hapa na hirizi kule. Nilikuwa msichana mkubwa, nina macho. Vitu vilivyotoka chini ya ardhi vilikuwa vikavu na safi kama vimetoka kabatini. Kwetu penye korongo alichimba pia, akatoa kitambaa chenye fundo. Mama akamwambia hicho si chake. Nikacheka kidogo, ndipo usinga ukanipata usoni.

Sheria yake ilikuwa hivi: wote tutakunywa dawa kwenye beseni. Aliyetoa vitu vyake vyote, dawa inamsafisha, anabaki kijijini. Mwenye kitu kingine ardhini ambacho hakukisema, tumbo linavimba na kupasuka. Na atakayekataa kunywa anafukuzwa siku hiyohiyo, na mifugo yake inabaki ikitunzwa na ukoo. Hili la ukoo baba mdogo alilirudia kwa sauti, watu wa nyuma wasikose.

Kwa hiyo mama alihitaji kitu kimoja tu: anywe, arudi nyumbani, tubaki na ng'ombe wetu. Wachawi wenyewe, kama walikuwepo, walikunywa wakajipangusa midomo. Balozi alikunywa kwanza, akasema dawa ni chungu kidogo. Baba mdogo alikunywa akaomba nyingine.

Mama alipofikiwa alishika kata, akaiangalia, akairudisha kwenye beseni.

Mama yangu aliiamini ile dawa. Hakuwa mchawi, lakini aliamini kwamba kilichozikwa ni kilichozikwa, na dawa haitauliza kama ni cha heri au cha shari. Alituangalia sisi watoto wake, akaona akipasuka tutabaki na nani. Basi akafanya lile ambalo hapana mchawi duniani angelifanya.

"Nina kitu ardhini," akasema.

Rambaramba akauliza kiko wapi.

"Kwa balozi. Mlangoni."



Wakaenda na majembe, watu wote nyuma. Walichimba kizingiti cha balozi, na chungu kikatoka, kimeshika udongo mbichi, mavi ya ng'ombe bado yameziba vizuri. Nilimtazama yule mtaalamu. Jasho lilimtoka. Nadhani katika maisha yake yote kile ndicho kitu pekee alichowahi kufukua ambacho hakuja nacho mwenyewe. Alikisukuma kwa ncha ya usinga. Akakipulizia majivu ya kopo lake. Kukishika hakukishika. Mama ndiye aliyeinama akakifungua kwa mikono yake, akawaonyesha vile vipande vyeusi vya vitovu, akasema hiki cha kaka yake huyu, hiki cha huyu, hiki cha mdogo wao.

Bibi mmoja mzee, jirani, akauliza swali la akili: chungu cha mama wa korongoni kimefikaje kwa balozi? Kila mtu pale alikuwa anajua. Walimwona mama akikizika, walimsalimu. Kila mtu akaanza kukagua miguu yake.

Mama akamgeukia balozi. "Balozi, waambie tu. Nyumba hii mwanzo ilikuwa ya nani?"

Neno moja tu lilitosha. Angelisema ilikuwa yake huyu mama, nikaichukua kwa ajili ya maji, mambo yangeishia pale, na sisi tungekula ugali jioni. Balozi alikohoa, akavuta shati lake.

"Nyumba za kijiji hazina mwenyewe," akasema. "Ni za wote."

Siasa nzuri kabisa. Hata mwalimu wa dini alitikisa kichwa kukubali.

Baba mdogo hakuchelewa. Akasema mnaona wenyewe, mke wa kaka amemmaliza kaka yangu, sasa amezika uchawi kwa balozi, ndiyo maana mke wa balozi hazai. Mama akamuuliza, "Shemeji, kitovu cha mtoto wa kaka yako hukijui?" Akajibu kwamba yeye si mkunga. Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuhukumu.

Dawa hakupewa tena; walimnyoa mama kwa wembe mkavu, tukaambiwa tuondoke siku hiyohiyo. Chungu walikichoma pamoja na pembe na hirizi, na ule usinga ukapunga juu ya moshi. Ng'ombe walibaki wakitunzwa na ukoo. Waliendelea kutunzwa vizuri mpaka baba mdogo akaoa mke wa pili. Sisi tulikwenda kwa mjomba, Mgori, kwa miguu, mama amejifunga khanga kichwani kuficha zile chale za wembe. Huko kwa mjomba hakuna aliyefukua chochote, kwa sababu mjomba hakuwa na bomba karibu wala shemeji mwenye macho.

Kaka yangu aliondoka baadaye kwenda mashamba ya mkonge, Tanga. Hakurudi, wala hatukusikia habari zake. Watu wengi wamepotelea kwenye mkonge ambao vitovu vyao havikuchomwa na mtu, hilo najua. Lakini mama hakuliamini. Mpaka anakufa, mbwa wakibweka alikuwa anakwenda mlangoni, anatazama njia, anarudi, anasema ni moto ule.

Baba mdogo alipokufa nilikwenda kuzika. Nilikwenda kuhakikisha. Nyumba nyingi za ule mstari zimeanguka, watu wamerudi kwenye mahame yao. Balozi bado alikuwepo, pale penye bomba, ambalo halijatoa maji miaka na miaka. Nikamwambia shikamoo, kwa kuwa adabu ni ya mdomo na mdomo ninao. Akaitikia marahaba mwanangu. Akanikaribisha kigoda. Mkewe alikuja kuzaa hatimaye, akazaa vizuri. Watoto wote wako Dar es Salaam, hakuna anayekuja, hata Krismasi.

Aliniuliza habari za mama, nikamwambia amefariki. Akasema pole. Akakaa, akachora chini kwa fimbo yake, pale pale kizingitini.

"Mwanangu," akasema, "kile chungu, mama yako alikuwa anatia nini kingine, zaidi ya udongo wa zizi?"

Nikamuuliza vitovu vya watoto wake viliwekwa wapi. Akamwita mkewe. Mkewe akasema kutoka jikoni kwamba hakumbuki, labda vilitupwa na takataka, nani aliyekuwa anaweka vitu hivyo wakati ule, watu waliogopa kuchomewa.

Balozi akanitazama, kama kwamba mimi nilikuwa na vingine kwenye mfuko wa gauni.

Nikamwambia sijui, mzee, sisi vyetu vilichomwa. Aulize kijiji. Nikasimama, nikavuka kile kizingiti bila kukanyaga taratibu, nikaenda kutafuta gari la kurudi.