Tindikali ya Karai Ndani ya Redio

Nakumbuka siku moja mezani kwa Fundi Ratilal, Kariakoo. Tulikuwa wanne: Fundi mwenyewe, aliyenipokea nijifunze redio, Mjomba Selemani, kaka wa mama yangu, mfua makarai wa Gerezani, kaja kunisalimu, Bi Mwanakheri, jirani yetu wa Ilala, na mimi Zuhura, binti niliyeishia darasa la nne.

Bi Mwanakheri aliingia na redio yake kaifunga kwenye kanga.

"Imenyamaza toka Jumatatu," alisema. "Jumanne wakatangaza redioni msiba wa kaka yangu, Kilwa. Nimekuja kuambiwa na watu. Nafika, wameshazika."

Tukampa pole. Fundi akaifungua. Waya mmoja umekatika, umeota kutu ya kijani.

"Nani alichomelea hapa?"

Mwanangu, nilikuwa namjua: ni mimi. Mwezi mmoja nyuma Fundi aliniachia niuchomelee waya huo. Dawa ya kuchomelea ya Fundi ilikuwa donge la rangi ya asali, utomvu wa msonobari: unakwangua waya mpaka ung'ae, unaupaka dawa, ndipo risasi ya kuchomelea inashika. Lakini waya ulikuwa mkongwe, risasi inateleza kama maji juu ya jani la gimbi. Nikachoka kukwangua. Nikachovya tindikali ya Mjomba, anayosafishia bati, niliyoichukua karakanani kwake. Risasi ikashika papo hapo, nikajiona fundi kumpita Fundi.

Mjomba, masikini, akainama akanusa. "Ah! Mbona inanuka kama karakana yangu?" Kisha akanitazama, kicheko kikamkauka.

Nikaona nafasi yangu pale mezani inaondoka. Nikasema, "Ni mimi, Bi Mwanakheri. Nilitia tindikali. Niwie radhi."

Fundi hakupaza sauti. "Karai ukimaliza unaliosha kwa maji. Na redio utaiosha, binti? Tindikali isipooshwa inakula waya polepole, wewe umelala."

Bi Mwanakheri akavuta kigoda, akaketi.

"Kaka nimeshamkosa. Nikukose na wewe? Tengeneza. Wewe mwenyewe, mimi nipo hapa nakuangalia."

Fundi akanisogezea lile donge lake. Nikakata waya ulioliwa, nikakwangua mpya mpaka vidole vikauma. Alasiri redio ikasema. Bi Mwanakheri akaifunga kwenye kanga yake, na hakuirudisha tena kwa ubovu huo.

Basi Mwanangu, wewe uliyefungua meza ya kutengeneza simu juzi, dawa ya bati iache kwenye bati. Kinachoshika upesi kichunguze mara mbili. Kwangua kwanza, paka dawa yake, ndipo uchomelee. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mungu akutulizie mkono, akupe macho ya kuona hata kasoro ndogo, na wateja wanaorudi kukusalimu tu.

Na kama yupo anayekumbuka vingine, labda tangazo halikuwa Jumanne, aje anisahihishe, sitanuna. Ila majina ya watu hao, hayo sijayapoteza.