Picha Imeungua

Mimi ni mwoga, sikatai. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, na tangu siku ile naogopa chumba chochote cha mionzi.

Niliteleza nikishuka na tenga la kabichi kutoka shambani kwetu Uluguru, nikaangukia nyonga. Mama mkwe akanipakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yangu kunishikilia mpaka kituo cha afya cha chini. Daktari akasema nipigwe picha, ila mtaalamu wa mionzi yuko likizo, na kwa sheria hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa ile mashine. Twende Morogoro mjini. Mama mkwe akachoka hapohapo. Picha tu, jamani, mbona hata wajukuu zake wanapiga kwa simu? Daktari alipoingia kwa mgonjwa mwingine, mama akambembeleza mhudumu wa usafi, aliyekuwa amemwona mtaalamu akifanya kazi mara nyingi, mpaka baba wa watu akalainika.

Sasa sikia balaa langu. Nilikuwa na mimba changa, na aliyejua ni mume wangu peke yake. Kwetu jambo hilo humtamkii mama mkwe kwa kinywa chako. Shangazi ndiye hupeleka habari, na shangazi alikuwa hajaambiwa bado.

Nikalazwa juu ya meza ya baridi, mama kasimama kichwani. Mhudumu akaona haya kuuliza wazi mbele ya mtu mzima, akazunguka: "Dada, umebeba?"

Mama mkwe akanijibia. "Alibeba kabichi, ndizo zilizomwangusha."

Nikafumba macho. Mhudumu akaridhika na jibu, akamsogeza mama mlangoni, akajibanza nyuma ya ukuta na kuniambia nisipumue. Kitu kikalia. Baada ya muda akarudi anajifuta jasho.

"Picha imeungua, nyeusi tupu," akasema. "Turudie."

Sijui picha huungua vipi. Mimi nilisikia kuungua tu, mikono ikakimbilia tumboni. Hofu ikaizidi aibu.

"Mama, nina mimba."

Mama mkwe akanijia mbio. Alivua kanga ya mabegani akanifunika tumbo, akaikandamiza kwa viganja kama mtu anayezima moto. Mhudumu akakaa chini sakafuni.

Mjini, mtaalamu wa huko alimwomba mama atoke kwanza, ndipo akaniuliza wazi kama nina mimba. Nikalia. Akasema picha moja kwa kawaida haimdhuru mtoto, lakini yule bwana aliweka mionzi kiasi gani? Hakuna aliyejua, hata bwana mwenyewe. Nyonga ilipona kwa kulala. Hilo neno "kwa kawaida" ndilo lililoninyima usingizi miezi yote. Mtoto akicheza naogopa, asipocheza naogopa zaidi. Mama mkwe akaacha kunituma hata maji, na habari ile hatukuigusa kabisa.

Nilipojifungua, mama ndiye aliyepewa mtoto kwanza. Akamfunua nguo zote, akamgeuza mgongo, akamkagua vidole, masikio, kisogo. Kisha akaanza kulia. Nikajua yamekwisha. Nikageukia ukutani, nikamwambia asinionyeshe.

"Mzima," akasema. "Mwanangu, mzima kabisa."

Akasema tena, akalia tena, mpaka muuguzi akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama asije akamwangusha.