Jiwe Lililoitwa Yai

Kila ninapovunja mawe ya kujengea, harufu yake kama ya kiberiti hunirudisha kwenye shamba letu la maharagwe, siku ambayo jembe la mama lilifukua jiwe la mviringo.

Mgeni mmoja aliyekuwa akipita kwa pikipiki kutoka Kitshanga alisimama, akalishika kwa mikono miwili.

“Mama, hii haiko jiwe. Iko yai ya munyama mukubwa wa zamani, ilishageuka jiwe. Chini kuko zingine. Tuchimbe.”

Maharagwe yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Hatukuwa na shamba lingine.

“Yai iko na maganda ngapi, Papa?” mama akauliza.

“Moja.”

Mama akalipiga jiwe kwa mgongo wa jembe. Likabambuka ganda juu ya ganda, na ndani hakukuwa na kitu ila jiwe tu.

“Basi munyama yako ilitaga kitunguu.”

Nilicheka. Mgeni hakuyatazama hata yale maganda. Alikuwa amechuchumaa penye shimo, akisugua udongo kati ya vidole na kuuangalia juani, kama wafanyavyo watu wanaotafuta madini.

Mama naye alimwona. Akachukua kidumu chetu cha maji ya kunywa.

“Nawa, Papa. Mugeni hatoki kwetu na mikono ya uchafu.”

Akammiminia polepole, akamwambia asugue hata ndani ya kucha, mpaka udongo wetu wote ukarudi chini kwenye maharagwe.