Akiba ya Célestine Ilikuwa Inanuka

Célestine alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulikuwa unaomba likizo. Miaka kumi na mbili alishuka ku bandari ya Kalemie mbele jogoo hajawika, beseni ku kichwa, kurangua ndakala, wale dagaa wa ziwa, na kupanda nayo mpaka soko. Sasa magoti yake yalikuwa yanalia krrr kila akiinama, sawa mulango wa kanisa. Nadine, binti yake wa miaka kumi na sita, aliyarekodi na simu siku moja, akaweka ku statuti ya WhatsApp na kuandika: "Mama yangu anafunguka polepole." Watu wakacheka. Célestine naye akacheka, lakini akiwa amekaa, sababu kusimama ilikuwa kazi.

Njo mwaka huu akapanga mupango. Ku atelie ya Prospère, fundi wa vyuma wa pale kwao, kulikuwa mashini ya kusaga sombe, majani ya mihogo, na motere yake ya kuizungusha pembeni. Wamama wote wa ile avenii walikuwa wanatwanga sombe mu kinu kila mangaribi mpaka mabega yanawaka. Célestine akiwa na ile mashini ku nyumba, watamuletea majani, yeye anakaa ku kiti, makuta ya wateja yanamukuta pale. Ziwa limufuate yeye, kama linataka.

"Nitakuwekea mpaka mwisho wa mwezi wa saba," Prospère alimuambia. "Kisha hapo, Mama Nadine, namuuzia ye yote. Hata adui yako."

Sasa, kuchunga makuta mu nyumba ni hadithi. Ukiweka franka chini ya matelasi, mutoto anaugua. Ukiiweka mu kopo, jirani anafiwa. Ukiiweka mu likelemba, kuchangiana na wenzako, mwenye kuchunga sanduku anahamia Kongolo bila kuaga. Célestine alikuwa ameyaona yote matatu. Kwa hiyo akaweka akiba yake mu samaki. Katikati ya mwaka ziwa linafungwa miezi tatu, hakuna kuvua, samaki wazae. Wakati ule bei ya ndakala inapanda sawa moto wa majani. Mwezi wa ine mpaka ziwa lilipofungwa, alikuwa anatoa kidogo ku biashara ya kila siku, anaanika, anajaza. Magunia tatu. Akayapandisha juu ya mbao mu chumba cha kulala, dirisha wazi. Banki yake ilikuwa kile chumba, na mulinzi alikuwa paka, mulinzi ambaye ulipaswa kumulinda yeye mwenyewe.

Kasoro ilikuwa moja tu. Makuta ya wengine hayanuki. Akiba ya Célestine ilikuwa inanuka mpaka ku barabara.

Mwezi wa sita, siku ya kazi ya kawaida tu, Nadine akaingia mbio.

"Mama, Papa Germain anashuka ku pikipiki pale kwa kona. Iko na mufuko."

"Mufuko mukubwa ao mudogo?"

"Wa katikati."

Germain alikuwa kaka mukubwa wa marehemu bwana yake, muvuvi wa Mpala. Ziwa limefungwa, nyavu zimekunjwa, yeye akakumbuka jamaa. Na kwa watu wa pembeni ya ziwa, mugeni akikuta samaki mu nyumba, samaki anapikwa. Hakuna kusema eti hii ni ya kuuza. Ukisema hivyo, jina lako litafika Mpala mbele mugeni arudi. Na muvuvi hali ndakala kama wewe na mimi. Anaikula sawa karanga, kwa konzi, akiendelea na mazungumuzo. Célestine akaona motere ya mashini inaondoka, kisha mashini yenyewe.

"Leta bashi," akasema.

Wakayafunga magunia mu bashi ya plastiki, wakakaza kamba, wakayasukuma chini ya kitanda, wakafunga dirisha. Ile chini, tangu mwaka ziwa lilipanda na kuingia mu nyumba zao, haikuwa imekauka vizuri. Ukiweka daftari jioni, asubui unaokota matambara. Célestine alijua. Kila mama wa ndakala anajua samaki mukavu anataka hewa. Lakini haya iko na mbio kuliko akili, na sauti ya Germain ilikuwa imefika ku mulango.

Nadine akamwaga marashi yake mu chumba, nusu chupa.

"Sasa inanuka namna gani?" mama akauliza.

Nadine akavuta pumuzi. "Inanuka ndakala yenye inaenda ku harusi."

Germain aliingia, akasalimia, akakaa. Pua yake ilikuwa kubwa na iko na uzoefu wa miaka makumi ine. "Nimekuja siku mbili tu, shemeki, kuwaona."

"Karibu, Papa Germain."

Siku mbili za shemeki Célestine alizijua. Za mwisho zilichukua wiki tano.

Mangaribi wakakula bugali na sombe ya mafuta ya mawese, kavu, bila hata mukia wa samaki. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu Germain akalamba kidole na kuangalia juu ku manjanja ya paa.

"Hii sombe ni tamu, shemeki. Inakosa tu kitu kidogo."

"Chumvi?"

"Hapana. Chumvi iko."

"Pilipili?"

"Iko."

Nadine akainama chini ya meza kutafuta kijiko chenye hakikuanguka.

Siku ya sita, Mamie, jirani, akaita juu ya ukuta wa lupango: "Mama Nadine, bei imepanda mpaka inatisha. Weye unangojea nini tena?" Célestine akaanza kukohoa, kikohozi kirefu, mpaka Mamie akamupa pole na kwenda. Germain alikuwa pale pembeni anafuma wavu mudogo wa mikono. Hakuinua kichwa.

Lakini usingizi wa Célestine uliisha. Anajilaza juu ya mali yake, anasikiliza Germain akikoroma sebuleni, anawaza: kesho ataenda. Haendi. Kufungua dirisha, ataona. Kutoa gunia, ataona. Kila siku anaamuka amechoka kuliko siku ile alikuwa anabeba beseni.

Siku ya tisa Germain akaweka sindano ya wavu chini.

"Shemeki, mi si mutoto. Najua samaki iko pale tangu nilipofika."

Célestine akaangalia mulango wa chumba.

"Sikusema kitu. Muntu akificha chakula, iko na sababu yake, na mi niko na mudomo wa kula bugali kavu. Lakini tangu jana harufu imegeuka. Ile ya kwanza ilikuwa harufu ya makuta. Hii ya sasa ni ya kilio. Fungua."

Wakavuta magunia. Walipokata kamba, joto likatoka mule ndani sawa mu tumbo ya nyama. Gunia la chini lilikuwa jani-jani lote kwa ukungu, na funza wanatembea kama wako kwao. Mengine mawili yalikuwa yamelowa pembeni, lakini katikati bado. Célestine akakaa pale pale chini. Magoti hayakulia hata, sababu yalianguka pamoja naye.

"Ilikuwa ya mashini," akasema. "Mashini ya sombe. Nilikuwa nataka nikae."

Germain akasimama. Akavua shati, akabeba gunia mpaka inje, akatandika bashi mu jua. Kutwa nzima wakachambua, konzi kwa konzi, nzuri huku, mbaya kule. Avenii yote ikapita kuangalia.

"Kumbe ulikuwa unalala juu ya ziwa zima," Mamie akasema. "Na mi nikikuuliza, unakohoa."

"Pita, Mamie."

"Napita. Lakini kikohozi kimepona?"

Siku ine waligeuza samaki mu jua. Jioni ya kwanza Célestine akapika ndakala na tomati, sahani ikajaa mpaka inamwagika, akaiweka mbele ya Germain bila kumuangalia. Germain akakula konzi mbili, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

Muvuvi kushiba ndakala, hiyo hakuna muntu alishaiona pale Kalemie. Célestine akajua ni uongo, na ule uongo ukamuuma kuliko gunia lililooza.

Walipouza zile zilizobaki, makuta yakatosha mashini. Motere hapana.

"Mashini na motere ni bwana na bibi," Prospère akasema. "Siwezi kuwatenganisha."

"Watu wanaachana kila siku, Prospère."

Prospère akacheka, akakata chuma, akachomea mukono wa kuzungusha.

Sasa mashini iko mbele ya nyumba. Wamama wanaleta majani, Célestine anayapokea akiwa ku kiti, kiti ya kweli yenye mugongo, na Germain anazungusha. Jasho linamutiririka. Anasema kuvuta wavu ni muchezo wa watoto mbele ya hii. Nadine alimurekodi, akaandika: "Motere yetu inatumia bugali. Haijui kuharibika."

Juzi wateja walipomalizika, Germain akaenda kuoga, na Célestine akashika ule mukono, akajaribu. Ulikuwa muzito. Akazungusha mara kumi, bega likawaka vile vile kama la kinu. Ziwa linafunguliwa katikati ya mwezi wa nane. Akarudi ku kiti.

Juu ya mbao, mu chumba, kulikuwa kagunia kadogo ka ndakala kamebaki, dirisha wazi, harufu inatoka inaenda kuita watu wote.

"Papa Germain," akaita. "Ziwa likifunguka, unarudi Mpala lini?"

Maji yakasikika kwanza. Kisha sauti: "Nitabakia kidogo tu. Siku mbili."

Célestine akafunga macho. "Zile za kwako?"

"Zile za kwangu."

"Basi sawa," akasema, na akaita Nadine aweke ndakala ku moto.