Pini Yenye Deko

Mbunifu wa mitambo hatulii. Kiti chake kingekuwa na mdomo kingelalamikia upweke. Huuzunguka mtambo wa mnyororo unaosafirisha makreti, kiganja juu ya mota kama mama apimaye homa, huku mkono wa pili ukichezea mfukoni kipande cha pini iliyokatika, ile inayounganisha mota na mnyororo. Leo meneja alimletea pini ya chuma kigumu.

“Dada, pini zako zina deko! Kila wiki moja inakatika, kazi inalala. Tufunge hii tupumue.”

Mbunifu akakitua kile kipande mezani. “Hii ilikatika siku kreti lilipombana fundi wako mkono. Mnyororo ukasimama, mkono ukabaki. Muulize yeye anataka ipi.”

Fundi, aliyekuwa akisikiliza kando ya mtambo, aliichukua ile pini ngumu kwa mikono yote miwili, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.