Aliyekwenda Kivukoni Mara Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miaka ya tisini, nilipomuaga mama kwa uongo. Alikuwa uani kwetu Mlabani, anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mama, naenda Kivukoni mara moja, nikuletee samaki." Akaniambia nisichelewe, yeye atabandika sufuria kabisa.

Mwanangu, sikwenda Kivukoni, kule mtoni wanakouza samaki. Nilikwenda stesheni, nikapanda treni ya Mbeya, na kutoka hapo nikavuka mipaka hadi Afrika Kusini. Vijana wa siku zile tulikuwa na neno letu, kuzamia, yaani kuingia nchi za watu bila karatasi. Kulitamka mbele ya mama sikuthubutu, maana angelia, na machozi yake yangenirudisha ndani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikula wiki tatu. Barua sikuandika. Nilijiambia nitaandika nikipata cha kujisifia, nacho kikachelewa miaka minne.

Niliporudi ilikuwa mchana wa jua kali. Jirani yetu alikuwa anaanika mpunga. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Aliniangalia miguuni muda mrefu, kama anayetaka kujua inakanyaga chini au la, kisha akaingia ndani taratibu na kufunga mlango. Mwingine alivuka upande wa pili wa barabara. Mimi, mjinga, nikadhani wanashangaa nguo zangu za ugenini.

Aliyenielewesha ni baba mdogo. Hakunipa mkono. Alinipeleka makaburini, akanionyesha msalaba wenye jina langu. Siku tatu baada ya mimi kuondoka, watu waliokuwa wananitafuta mtoni walikuta shati la buluu kwenye matete, wakasema ni langu. Mwili haukuonekana, basi ukoo ukavika mgomba sanda na kuuzika badala yangu, kama tufanyavyo kwa aliyepotelea majini. Lakini shati langu la buluu nilikuwa nimelivaa ndani ya treni. Lile la kwenye matete lilikuwa la nani, mpaka leo sijui.

Baba mdogo alisema kwa sauti ya chini, "Ungesema unasafiri, tungehesabu miezi. Ungesema unahama, tungekuleta hapa uwaage wazee waliolala, na mama yako angelia akanyamaza. Wewe ulisema unakwenda mara moja. Mtu wa namna hiyo asipoonekana jioni, anatafutwa mtoni."

Nikaambiwa nisivuke kizingiti mpaka mgomba ule ufukuliwe. Wazee walichimba hadi kiunoni. Hatukukuta kitu, hata uzi wa sanda. Baba mdogo alisema udongo wa kwetu una maji, huozesha upesi. Alisema hivyo haraka mno, na mimi nikaogopa.

Mama nilimkuta jikoni. Mazikoni hakwenda, alikataa. Sufuria ilikuwa motoni, maji yanachemka bila kitu ndani. Akanitazama kwa upole na kunivutia kigoda.

"Karibu, mgeni. Mboga bado. Mwanangu kaenda Kivukoni mara moja, anarudi sasa hivi."

Nilipiga magoti, nikamtajia jina langu, nikamwonyesha kovu la jembe mguuni. Alinionea huruma tu. Nilikaa naye miaka sita hadi alipofariki, na kila siku alinishukuru kwa wema wangu, mimi mtoto wa watu. Jioni aliniomba nimtazamie njiani kama kijana wake anakuja. Nilikuwa natoka, naangalia barabara, kisha narudi kumwambia bado.

Kwa hiyo, mwanangu, miguu ikikuwasha, nenda. Sikukatazi, mtembezi hula miguu yake, nami nilishakula yangu. Ila kuondoka kwako kuite kwa jina lake. Kama ni safari, sema safari. Kama ni kuhama, kaa chini uage watu wako. Hata kama ni kuzamia, mwambie mmoja anayekupenda. Na ukiona huko umeshalowea, hurudi tena, andika useme hivyo, ili wa nyumbani wajue kama wakungoje au wakulilie. Machozi ya kuagana hukauka. Ya mama yangu hayakupata hata nafasi ya kutoka.

Mungu akufungulie njia na akutunze huko uendako. Na siku utakapobisha hodi, aliyemo ndani akuitikie kwa jina lako.