Neno Nililowaambia Wenye Boti

Harufu ya petroli juu ya maji ndiyo inayonirudisha Kagunga, kijiji chetu cha ziwani. Wengine wakiipata hukumbuka safari. Mimi huikwepa, nikapita njia nyingine. Mara mbili kwa juma boti la abiria la kwenda Kigoma, njia yetu pekee ya kufika hospitali, liliwashwa ufukweni, kando ya dagaa walioanikwa mchangani, na moshi wake ulipanda mpaka kwetu, nyumba ya tatu kutoka majini. Nilikuwa na miaka tisa. Kumbukumbu ya mtoto si shahidi wa kutegemea, kwa hiyo nisipokuwa na hakika nitasema.

Msimu ule wa mvua mama alikuwa ameokoka karibuni, na kanisani kwetu tulifundishwa kukiri. Ukiulizwa hali ya mgonjwa, usiseme anaumwa, maana utampa shetani nafasi. Sema amepona, hata kama anatapika mbele yako. Nisimsingizie mchungaji: sikumsikia hata siku moja akikataza hospitali, na yeye mwenyewe alimeza vidonge vya malaria tukimwona. Wala mama hakuwa mjinga. Alikuwa amezika watoto wawili, na neno lile lilikuwa kitu pekee kilichobaki mkononi mwake. Basi mdogo wangu Meshaki, wa miaka minne, alipopata homa, tulikiri siku mbili. Siku ya tatu shingo ikakaza kama mti, ukimgusa kisogo analia bila machozi. Alfajiri iliyofuata mama akaanza kumfunga mgongoni kwa kanga, akaniambia, "Kimbia kwa Mama Zaituni, waambie watusubiri." Mama Zaituni alikuwa jirani yetu Mwislamu, na boti lilikuwa la mumewe.

Nilikimbia. Niliwakuta wanasukuma boti majini.

"Shikamoo, Mama Zaituni."

"Marahaba, mwanangu. Meshaki kaamkaje? Nimemwambia Baba Zaituni awawekee nafasi pale mbele."

Hapo ndipo nilipokwama. Nilitumwa kusema tusubirini, lakini nimeulizwa hali ya mgonjwa, na jibu lake nililijua.

"Amepona."

"Amepona? Jana si alikuwa hageuzi hata shingo? Wee, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Amepona kwa jina la Yesu."

Kijana wa mashine akacheka. "Basi leo Yesu kawahi boti! Twendeni, wazee." Mama Zaituni alinitazama kidogo, akasema alhamdulillahi, na nadhani aliisema kwa moyo. Nilitaka kuongeza lile la kusubiri, lakini ningewezaje kuwaambia wamsubiri mtu aliyepona? Mashine ikanguruma. Mama aliposhuka na Meshaki mgongoni, boti lilikuwa limekwisha kuwa dogo.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia amepona."

Nilijikunja nikingoja kofi. Halikuja. Mama aliketi pale pale kwenye mchanga wenye maji, akaniangalia kama mtu aliyeona maandishi yake mwenyewe, kisha akapiga yowe ambalo sijalisikia tena kwa kiumbe chochote.

Tuliondoka na boti lililofuata, siku tatu baadaye. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Meshaki aliishi, masikio yakafa. Nilipokua nilimuuliza daktari kama ni zile siku tatu. Akasema huenda, na huenda siyo, masikio mengine hufa mapema, siku za kwanza za homa. Kila nikiomba naishia kwenye "huenda siyo", wala sipati usingizi juu yake.

Sasa tunaishi Rusimbi, mjini Kigoma. Mtoto wangu akichemka tunapanda bodaboda papo hapo, namwombea njiani, na hakuna anayeniona nina imani haba. Mambo mawili yale, sala na hospitali, siku hizi yanakaa kiti kimoja. Utotoni mwangu yalinirarua katikati. Lakini Jumapili iliyopita mama alisimama kushuhudia jinsi Bwana alivyomponya Meshaki kule Kagunga. Hasemi uongo: Meshaki yupo hai, ni fundi seremala, ana watoto. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Meshaki alikuwa ameketi kando yangu, maana mimi ndiye ninayemtafsiria kwa mikono. Mambo ya boti hajawahi kuambiwa. Akanigusa goti, akauliza mbona watu wote wanamtazama yeye. Mikono yangu ilipanda, ikakaa hewani. Nikamwonyesha kwamba watu wanaimba tu. Akatabasamu, akaanza kupiga makofi pamoja nao, nje kabisa ya mdundo.